Ua Mdogo Unapokubana: Dalili, Chanzo na Marekebisho kwa Nyumba za Kigoma

Kiwanja cha ishirini kwa ishirini, ukishatoa nyumba, shimo la maji machafu na pa kuegesha gari, hukuachia kipande cha ua kama cha mita 5 kwa 8. Kwenye miteremko ya Kigoma mjini kipande hicho mara nyingi kimeinama kuelekea ziwani na kimezungushiwa ukuta wa bloku. Mwenye nyumba ananunua miche, anapanga vyungu, anamwagilia kwa moyo wote, halafu anaona hakuna anayetaka kukaa humo. Wageni wanasalimia wakiwa wima. Kiti cha plastiki kinahamishwa kila saa kufuata kivuli.

Kazi yangu ni bustani za majumbani, na kwa ninavyoona, mita hazina kosa. Ua unabana kwa sababu mbili tu: jicho linagonga mwisho haraka mno, au mguu unakosa pa kwenda na pa kutulia. Dalili nyingi nitakazozitaja zinarudi kwenye moja kati ya hizo mbili. Ndiyo maana marekebisho mengi ni ya kuhamisha na kupunguza, si ya kununua.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua kiti ukae uani mara tatu kwa siku moja: saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Kila mara andika mambo matatu: jicho lako linaanza kuona nini, kivuli kimeangukia wapi, na nani anakuona. Saa saba nimeitaja makusudi. Kigoma iko ukingoni mwa magharibi ya nchi lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu hufika juu kabisa karibu saa saba na huzama karibu saa moja jioni. Anayepanga kivuli kwa kufikiria saa sita atakosea kwa saa nzima.

"Nikifungua geti tu, nimeuona wote"

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Njia imenyooka kutoka getini hadi mlangoni, vyungu vimesimama pande zote mbili, na ukuta wa mwisho uko wazi kuanzia chini hadi juu. Safari imeisha kabla mguu haujainuliwa.

Weka kificho kimoja, kama theluthi ya mwendo kutoka getini, kisichoziba zaidi ya nusu ya upana. Kisiwe ukuta mwingine. Mafungu mawili ya mchaichai uliokomaa yanatosha, au pazia la matete lenye upana wa mlango mmoja, au mpapai uliozungukwa na mirehani. Unachotaka ni mtu aone kwamba nyuma yake kuna kitu, ila asikione chote mpaka apige hatua.

Kisha ilaze njia mshazari. Kwenye ua wa mita 5 kwa 8, mstari wa kutoka kona hadi kona una karibu mita 9 na nusu. Umepata mita moja na nusu ya mwendo bila kununua ardhi. Iwe na upana wa sentimita 90 kwa mtu mmoja aliyebeba ndoo, au 120 kama watu wawili watatembea sambamba. Ila usiipindepinde bila sababu. Njia ikipinda, pawe na kitu inachokikwepa: chungu kikubwa, jiwe au shina la mti. Mpindo mtupu watu huukata, na baada ya wiki mbili utaona kijia chao kimepita katikati ya maua.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulifanya kinyume. Majani makubwa na rangi kali huonekana karibu. Majani membamba na rangi tulivu huonekana mbali. Ukipanda mgomba na bogonvilia nyekundu kule mwisho, umeuvuta mwisho uje usoni kwako. Vilete karibu na geti au karibu na kiti, na kule mwisho weka mchaichai, asumini nyeupe, na vitu vya majani madogo. Ukiwa na mgomba kwenye eneo dogo, bakiza mama, mtoto na mjukuu tu. Machipukizi mengine yang'oe, la sivyo mwaka ujao utakuwa na shamba.

"Ukuta unanikandamiza"

Angalia kona kabla ya kuulaumu ukuta. Jicho hupima ukubwa wa mahali kwa kona zake: likiona zote nne, limeshapata jibu. Ziba mbili. Panda kichaka sentimita 50 au 60 mbele ya kona, si kukigandamiza kwenye tofali, ili nyuma yake pabaki giza kidogo. Giza hilo ndilo linalosema kwamba eneo linaendelea.

Sababu ya pili ni rangi. Chokaa nyeupe inang'aa vibaya saa saba mchana, na kitu kinachong'aa hukusogelea. Rangi ya udongo iliyokolea, au kijani kilichopauka, humezwa na majani. Nyosha waya kwa mlalo, kila baada ya sentimita 40, ukiziacha mbali na ukuta kwa upana wa vidole vinne ili hewa ipite, halafu panda asumini. Usiufunike ukuta wote. Acha mstari wa juu ukatike sehemu mbili tatu, majani yakipanda na kushuka, kwa sababu mstari ulionyooka wa bloku za mwisho ndio unaochora kisanduku.

Sasa miashoki. Watu wanaipenda, na inapandwa mstari mmoja kuzunguka ukuta mzima. Kwenye eneo kubwa ni sawa. Kwenye ua wa mita 5 inafanya kazi moja tu, ya kuonyesha mpaka uko wapi. Kama umeshaipanda, ondoa mmoja, bakiza mmoja, na mbele ya ile iliyobaki panda vitu vya kimo cha goti. Kama mpaka wako ni wa minyaa, iache, inafaa kwa uzio, lakini isiwe karibu na kiti wala mahali watoto wanapocheza. Utomvu wake ukiingia machoni ni hatari.

"Ziwa liko hapo chini, mimi naangalia tofali"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Kigoma ina zawadi ambayo miji mingi haina, na tunaizibia kwa bloku. Bustani ndogo ikiweza kuazima mandhari ya mbali, mpaka wake unakuwa pale jicho linapoishia. Wajapani wamefanya hivyo kwa karne nyingi: bustani ya hekalu inapangwa ili mlima ulio mbali uonekane kama sehemu yake. Sisi tuna Tanganyika, na siku iliyotakata baada ya mvua tuna milima ya Kongo ng'ambo.

Mama mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, alinionyesha ua wake, ukuta wa mita 2 upande wa chini, viti vimewekwa kandokando ya ukuta huohuo.

"Mwanangu, nimejenga huku nione ziwa. Sasa naona tofali."

Alitaka ukuta ushushwe. Mtoto wake wa kiume, kwa sababu ya wezi, hakutaka hata kusikia.

Nikamwambia: "Mama, ukuta tusiuguse. Tupandishe kiti."

Hesabu yake ni hii. Mtu akikaa kwenye kiti cha kawaida, jicho lake liko kama sentimita 120 kutoka ardhini. Ua wake ulikuwa na mteremko wa sentimita 90 kutoka ukuta wa nyumba hadi ukuta wa chini. Ukuta wa mita 2 uliosimama kwenye ardhi iliyo chini kwa sentimita 90 unabaki na kimo cha sentimita 110 ukiupima kutoka kule juu. Jicho liko 120. Kwa hiyo kiti kikihamia juu, kando ya nyumba, mtu anaona kwa sentimita 10 juu ya ukuta, na sentimita 10 hizo zinatosha, kwa sababu maji ya mbali na milima viko karibu usawa wa macho. Na kuna faida ya ziada: ukuta uleule unaficha mabati ya jirani wa chini. Linabaki ziwa.

Pima kwako kwa kamba na maji ndani ya bomba la plastiki linaloonyesha ndani, kama mafundi wanavyopima usawa. Ukikosa sentimita 10 au 20, inua sakafu ya kukalia kwa tabaka moja la mawe. Ukikosa zaidi ya hapo, badilisha sehemu ya juu ya ukuta, upana wa mita moja na nusu tu, uweke grili ya nondo au matofali ya matundu mbele ya kiti. Usifungue upande wote. Ziwa likionekana kupitia uwazi mmoja, huku mpapai umesimama upande mmoja wa uwazi huo, linavuta kuliko likionekana lote kwa mkupuo.

"Ardhi imeinama, kila kitu kinateremka"

Kosa la kawaida ni kuukata mteremko kuwa matuta matatu manne ya mita moja moja. Kila tuta linakuwa jembamba mno kwa meza, kwa hiyo ua mzima unageuka ngazi. Tengeneza ubapa mmoja wa kukalia, usiopungua mita 3 kwa 3, unaotosha meza na viti vinne bila mtu kurudi nyuma akaanguka. Mteremko uliobaki uache uwe mteremko, uushike kwa mawe na mchaichai.

Ngazi za nje zisiwe kali kama za ndani. Kimo cha sentimita 15 na pa kukanyagia sentimita 35 ni mwendo wa mtu asiye na haraka. Kanuni ya mafundi ni kimo mara mbili ukijumlisha na pa kukanyagia ipatikane sentimita 60 hadi 65. Mteremko wa sentimita 90 unataka vimo sita. Ngazi pana, ya mita moja na nusu, huwa pia kiti: watoto watakaa hapo kabla hujawaambia.

Ukuta wa kuzuia udongo usijengwe bila matundu. Mvua zetu, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, hujaza maji udongo wa nyuma, na maji ndiyo yanayosukuma ukuta uanguke, si udongo peke yake. Jaza kokoto nyuma yake, weka vipande vya bomba la inchi mbili chini, kila baada ya mita moja na nusu. Ukizidi kimo cha mita moja, mwite injinia. Na maji hayo yaelekezwe kwenye mfereji, yasimwagike kwa jirani wa chini.

"Jirani wa juu ananiona"

Kwenye mteremko hili halikwepeki, na kuinua ukuta hakusaidii kitu; yeye yuko juu yako. Dawa iko juu ya kichwa chako. Jenga kichanja kwa kimo cha mita 2.3 juu ya sehemu ya kukalia tu, si ua mzima, upandishe pasheni. Ile ya njano huvumilia joto la ukanda wa ziwa kuliko ya zambarau, na ndani ya mwaka huwa imeshafunika. Dari ya majani juu ya viti, na pembeni pakiwa wazi, hufanya pembeni paonekane pakubwa zaidi. Jaribu kutoka chini ya kichanja na utaelewa.

"Hakuna anayekaa"

Kiti kimewekwa mahali pazuri kwa picha, ila jua liko hapo saa ambayo watu wanapumzika. Kwa Kigoma, iliyo karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, jua hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi; wakati huo ukuta haukupi kivuli chochote mchana, ni dari au mti tu. Juni jua liko kaskazini, na ukuta wa mita 2 unatupa kivuli cha mita moja hivi upande wa kusini. Desemba kivuli kinahamia kaskazini na hakifiki sentimita 70. Kwa hiyo mmea unaopenda kivuli, uliopandwa kandokando ya ukuta mwezi Juni, utaungua Desemba.

Jioni ndipo penye mtihani, kwa sababu ziwa liko magharibi na jua linazama palepale unapotaka kuangalia. Ukiziba jua umeziba ziwa. Ushauri wangu ni kukigeuza kiti kiangalie kaskazini magharibi au kusini magharibi, ili jua likupige shavuni na si machoni, na kupanda kitu chenye shina jembamba na majani machache upande wa jua. Mpapai unaweza hilo. Mchikichi hapana, ingawa ni mti wa kwetu na ninaupenda: ukiwa mchanga hutandaza makuti yake karibu na ardhi miaka mingi kabla shina halijapanda, na utakula ua wako wote.

Jambo dogo lenye uzito: mgongo wa kiti uwe na kitu nyuma yake, ukuta au kichaka. Watu hawatulii wakiwa wameachwa wazi nyuma, hasa karibu na geti.

"Nina maua mengi lakini ni fujo"

Makopo, ndoo zilizopasuka, vyungu vidogo ishirini kandokando ya kibaraza. Kila kimoja kinalidai jicho. Vikusanye kwenye makundi mawili, na pale unapoweza, hamishia miche mitano sita kwenye chungu kimoja kikubwa. Chungu kikubwa hukauka polepole, kwa hiyo kiangazi kazi ya kumwagilia inapungua. Visahani vilivyo chini ya vyungu viondoe au vijaze mchanga. Maji yakituama humo ni mazalio ya mbu.

Fujo nyingine haitokani na maua. Ni tangi la maji, kamba ya nguo, mtungi wa gesi, banda la kuku. Vyote ni vya lazima, na vyote vikae upande mmoja, nje ya mstari wa macho kutoka getini na kutoka kwenye kiti. Pazia la matete linatosha.

"Mwembe umemeza ua"

Usiukate. Mtu yeyote aliyekaa chini ya miembe ya Ujiji, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani, anajua kwamba kivuli cha mwembe ni chumba tayari. Tatizo ni matawi ya chini. Baada ya mavuno, pogoa yale yaliyo chini ya mita 2.2 ili mtu apite bila kuinama, kisha punguza ya ndani mwanga upenye kwa matone. Ukishauona ukuta wa mbali kupitia chini ya matawi, ua umerudi. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja. Chini yake usihangaike na nyasi. Tandaza kokoto au majani makavu, na shina liwe wazi, maana watu wanaoogopa nyoka hawatakaa karibu na kichaka.

"Kiangazi panabaki vumbi"

Juni hadi Septemba mvua karibu hakuna, upepo wa kusini mashariki unavuma, na ukoka wa vipande vipande unageuka mabaka. Mabaka huugawa ua na kuufanya mdogo. Ama uwe na ukoka mmoja ulioungana, kwenye sehemu ambayo maji ya kufulia na kuoshea mboga yanafika, ama usiwe nao kabisa. Kumwaga zege au pevingi kila mahali sikushauri: joto linaongezeka, maji ya mvua yanakosa pa kuzama. Sakafu moja ya aina moja, kokoto au mawe, kutoka kibarazani hadi mwisho, hupanua macho kuliko aina tatu za vigae. Mchanga na mawe nunua kwenye machimbo yanayoruhusiwa, usichote ufukweni.

"Usiku panatisha"

Taa moja kali juu ya mlango inakuangaza wewe na kuacha kwingine gizani. Izime. Weka taa mbili ndogo za sola zenye mwanga wa manjano, moja chini ya mti wa mbali zaidi na moja kwenye ngazi. Jicho litakwenda kule kwenye mwanga wa mbali.

Mpangilio wa kazi

Kuta, ngazi na mitaro vifanyike kiangazi, Juni hadi Septemba, udongo ukiwa mkavu. Kichanja kiwe kimesimama kabla ya jua la Oktoba. Miche subiri mvua zikolee Novemba. Usidanganywe na mvua moja ya kwanza. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka na mwavuli uangalie maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Sakafu ya mwisho itandazwe baada ya hapo.